Maumivu ya Jumatatu

Toakase hakuwa amegusa mpira wa netiboli tangu alipokuwa msichana wa shule, wala hakuwa na hamu nao. Ijumaa jioni Pisila, nahodha wa timu ya akina mama wa kanisa, alimjia mlangoni kumbembeleza. Mlinzi wao wa goli alikuwa amekwenda Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, kumuuguza mama yake, na bonanza na vijiji vya jirani lilikuwa kesho yake.

"Wewe ni mrefu, dada yangu. Simama tu pale golini unyooshe mikono."

"Nisimame tu?"

"Kusimama tu. Nani atakukimbiza?"

Alikimbizwa. Wafungaji wa timu pinzani walikuwa mabinti wembamba wasiotulia mahali pamoja, na Toakase, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye mwili wake, alishinda Jumamosi nzima akiruka, akichuchumaa, akigeuka na kurudi kinyumenyume. Mechi moja ilizaa nyingine kwa sababu walikuwa wakishinda. Walipokabidhiwa kombe alilia kwa furaha. Alirudi nyumbani akiimba, akamkaangia mumewe Feleti samaki, na huku akikaanga akawa anamwonyesha kwa mwiko jinsi alivyoupangua mpira wa mwisho.

Jumapili alihisi mapaja mazito kidogo, kama mtu aliyelala upande mmoja, basi. Aliimba kanisani sauti ya juu, akafukua chakula kilichoiva shimoni kwa mawe ya moto, wakala magimbi na nyama iliyofungwa kwenye majani kwa tui, wakalala mchana kama watu wote.

Jumatatu asubuhi alitaka kushusha miguu kitandani, miguu ikakataa.

Mapaja yalikuwa yamekaza kama magogo. Alipoyagusa kwa kidole, machozi yalimlengalenga. Alijisukuma mpaka akasimama, akaenda hatua fupi fupi hadi mlangoni, na pale kwenye vidato vya mbao vya kushukia uani ndipo alipoona kazi. Hakuna goti lililokubali kukunjika likiwa limebeba uzito wake. Alikaa chini, akavishuka kwa makalio, kimoja baada ya kingine. Feleti alikuwa amesimama uani na kikombe cha chai. Aliyaona yote, akacheka mpaka chai ikammwagikia mkononi.

"Bingwa huyo anashuka," alisema.

"Cheka. Leo utajipikia mwenyewe."

Asingekasirika sana kama ingekuwa Jumatatu nyingine. Lakini siku hiyo wanawake wa kijiji walikuwa wanakusanyika kwenye ukumbi wa kanisa kuunganisha ngatu, kile kitambaa kipana cha magome ya mti kisichokosekana kwenye arusi wala maziko, na ngatu hiyo ilikuwa ya arusi ya binti wa Kalolaine. Kalolaine alikuwa dada mkubwa wa Feleti. Huko Tonga wifi wa namna hiyo mtu habishani naye. Neno lake ndani ya nyumba ya ndugu yake lina uzito zaidi kuliko la mwenye nyumba.

Jua lilikuwa halijapanda sana Kalolaine alipofika mlangoni. Feleti, kusikia sauti yake tu, alipita mlango wa nyuma, maana kaka na dada watu wazima hawakai chumba kimoja, ndiyo heshima. Akabaki nje, nyuma ya ukuta wa mbao.

"Wifi," Kalolaine alisema, "wenzako wako ukumbini zamani. Au mwaliko haukufika huku?"

"Ulifika, wifi. Naumwa. Mapaja hayakunjiki. Ni ule mpira wa Jumamosi."

"Mpira wa Jumamosi." Kalolaine aliuweka vizuri mkeka wake wa kiunoni, vazi la heshima, akakaa. "Jumamosi nimekuona kwa macho yangu unaruka kama mbuzi. Jana sauti yako ndiyo ilitaka kung'oa paa la kanisa. Leo, siku ya kazi ya mwanangu, ndiyo unaumwa. Hayo maumivu yalikuwa wapi siku zote hizo? Yalikuwa yanasubiri meli?"

"Sijui yalikuwa wapi, wifi. Ninachojua yako hapa."

"Mtu akijikata, damu inatoka palepale. Akianguka, anaumia palepale. Maumivu yanayosoma kalenda ndiyo nayasikia leo."

Toakase alitazama mlango wa nyuma. Katikati ya mbao aliona shati la Feleti. Mumewe alikuwa akisikia kila neno, naye ndiye aliyemwona akishuka kwa makalio. Hata kukohoa hakukohoa.

"Kama hutaki mkono wako uguse ngatu ya mwanangu, sema tu," Kalolaine aliendelea. "Nitawaambia watu umekataa, yaishe. Lakini usinifanye mimi mjinga."

Hapo ndipo damu ilipomchemka. Mama yao Feleti na Kalolaine alipofariki, ni Toakase aliyekaa jikoni mpaka miguu ikavimba. Kila kazi ya ukoo ule alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Na leo, kwa mapaja yake mwenyewe, anaitwa mwongo sebuleni kwake.

"Tangulia, wifi," alisema. "Nakuja."

Njia ya ukumbini haikuwa ndefu, lakini ina mteremko, na mteremko ulimtesa kuliko mlima. Alijishikilia kwenye ua wa watu, akapita akikaza meno. Alipoingia, wanawake walikuwa wamekaa sakafuni pande zote mbili za bao refu la mbao la kuchapia michoro ya ngatu, wamekunja miguu, wengine wakipaka gundi ya muhogo, wengine wakisugua rangi ya kahawia juu ya magome. Gumzo lilikatika. Alijua kwamba habari yake ilikuwa imemtangulia.

"Karibu, mgonjwa," Kalolaine alisema, na baadhi wakacheka.

Toakase alimtafuta Pisila kwa macho. Alikuwepo, katikati ya bao, pamoja na wachezaji wenzake watatu wanne wamebanana upande mmoja, wameinamisha vichwa kwenye kazi.

"Pisila," alisema, "mwambie wifi yangu. Hivi ninyi hamuumwi?"

Pisila hakuinua uso. "Mimi niko sawa tu, dada," alisema, akaendelea kusugua.

"Hata kidogo?"

"Niko sawa."

"Umesikia," Kalolaine alisema. "Nahodha mwenyewe huyo."

Toakase alishika ukingo wa bao kwa mikono miwili, akajishusha. Katikati ya safari mapaja yalimwachia, akatua sakafuni kwa kishindo. Wakacheka tena. Alikunja miguu kama wenzake, akachukua kibonge cha rangi, akaanza kusugua. Alisugua kwa hasira mpaka jirani yake akamwambia taratibu, utachana. Kilichomuuma zaidi ya mapaja ni lile neno "sawa" la Pisila. Mtu anakuja mlangoni kwako anakuita dada yangu, unamchezea, anabeba kombe. Ukimwomba neno moja la kweli anakunyima.

Adhuhuri chakula kiliandaliwa upande wa pili wa ukumbi. Wanawake waliinuka, wakijipangusa na kunyoosha migongo. Pisila hakuinuka.

"Nileteeni hapahapa," alisema. "Nataka nimalize kona hii."

Mwenzake wa pembeni naye akasema hana njaa. Na wa tatu vilevile. Toakase aliwatazama, wale waliocheza wote, wamekaa kama waliogandishwa na ile gundi. Akaelewa.

Alijivuta kwa ukingo wa bao mpaka akasimama, akazunguka polepole, akampa Pisila mkono.

"Inuka tukale."

"Niache, Toakase," Pisila alinong'ona.

"Si uko sawa? Inuka."

Watu walikuwa wanatazama. Pisila alishika ule mkono, akanyanyuka nusu, magoti yakatetemeka, akatoa mlio kama wa paka aliyekanyagwa, akarudi chini na kukalia bakuli la gundi. Safari hii ukumbi mzima ulicheka, na wale wachezaji wengine, kwa kuona siri imekwisha, wakaanza kuguna na kushika mapaja yao waziwazi. Mmoja alisema alikuwa amebebwa na mumewe kwenda chooni. Mke wa mchungaji, aliyekuwa refa, alisema kwamba asubuhi ile alisali akiwa amesimama, maana kupiga magoti angepiga, ila kuinuka asingeinuka.

"Yangu yalianza jana usiku," Pisila alisema. "Leo ndiyo yamekuwa balaa. Nilivyosikia wifi yako anavyokusema, nikaogopa. Ningesema nini?"

"Ungesema unaumwa," Toakase alimjibu. Hakuwa anacheka. "Ukaniacha nikatwakatwa peke yangu, na wewe umekaa hapo hapo."

Kalolaine alikuwa akipakua chakula. "Haya, kuleni," alisema. "Kazi bado."

Jioni Feleti alimkuta mkewe amekaa kizingitini, amenyoosha miguu. Alikuja na chupa ya mafuta ya nazi.

"Lete nikuchue."

"Weka chini hiyo chupa. Asubuhi uliniona nashuka."

"Nilikuona."

"Na ulisikia naitwa mwongo."

"Toakase, ningemjibuje dada yangu? Unajua mwenyewe haifai."

"Sikutaka umjibu. Kuna watu wa kupitishia neno. Ulikuwa na kutwa nzima ya kumtafuta mmoja, ukaenda kunywa kava na wanaume wenzako."

Feleti aliiweka chini ile chupa, akavaa mkeka wake wa kiunoni, akaenda nyumbani kwa mchungaji. Aliporudi hakusema alichokwenda kufanya, na Toakase hakumuuliza. Alimruhusu kuchua, ingawa hakumsemesha.

Kesho yake miguu ilikuwa bado inauma, lakini goti lilianza kukunjika. Alipofika ukumbini alikuta pale mahali pake kimewekwa kigoda, na juu yake mto. Hakuna aliyesema kimetoka wapi. Toakase alikitazama, akakisukuma kwa mguu hadi kwa Pisila, akakaa sakafuni.

Walifanya kazi kwa muda. Kalolaine, aliyekuwa upande wa pili wa bao, alizungumza bila kuacha kusugua.

"Mama mchungaji amenifikisha maneno. Feleti anasema alikuona. Mimi sikujua."

"Hukuwa na haja ya shahidi, wifi," Toakase alisema. "Nilikwambia."

Kalolaine alisimamisha mkono. Wanawake waliokuwa karibu walijifanya hawasikii. Kisha alitikisa kichwa kidogo kukubali, akausogeza mtungi wa rangi ukae katikati yao wawili, mahali ambapo Toakase angeufikia bila kuinuka.