Mzizi Kwenye Taya la Semisi

"Hivi, mama Lesieli, mumeo analala vizuri kweli huko aliko?"

Fusi, jirani, aliuliza hivyo kutoka upande wake wa ua huku akianika majani ya mkadi ya kusukia mikeka kwenye kamba, kama mtu anayeulizia bei ya magimbi. Kalolaine alikuwa akichemsha maji ya chumvi ya kusukutulia mdomo wa binti yake Lesieli. Alikuwa mjane wa kanisa, wa benchi la mbele, na mchungaji alikwisha sema mara nyingi kwamba wafu wako mikononi mwa Mungu. Lakini swali lile lilimchoma.

"Usininunie, nauliza tu," Fusi aliendelea. "Shavu la mtoto limevimba upande gani?"

"Kushoto."

"Na la marehemu lilikuwa upande gani?"

"Wewe Fusi, mdomo wako ungekuwa jembe, kisiwa kizima kingeshalimwa."

Fusi akacheka. Kisha akaacha kucheka ghafla, na hilo ndilo lililomtisha Kalolaine.

Maana Watonga wote wa visiwa hivi wanalijua jambo hilo, hata wale wanaoimba kwaya. Mtu akiumwa mahali pasipopona, huulizwa ni nani wa damu yake aliyelala vibaya. Mzizi wa mti hupenya mfupa wa marehemu, na maumivu yakampanda aliye hai. Kaburi hufunguliwa, mzizi ukakatwa, mifupa ikapakwa mafuta, mgonjwa akaamka.

Lesieli alikuwa na kansa ya titi. Alikwisha pata dripu ya pili ya dawa kule hospitali ya mjini, na nywele zote zilikuwa zimemtoka. Kichwa chake kilikuwa kama cha mwanamke aliyenyolewa kwa msiba, na mama yake hakupenda kumwona kwa nyuma.

"Mama, chumvi yote hii? Mimi si samaki wa kukaushwa," alisema alipopewa kikombe.

"Sukutua, acha maneno."

Nesi Tapaita aliwakalisha siku ya kwanza kabisa akawaeleza. "Dawa hizi zinaua kansa, lakini zinaua na askari wa damu. Jino bovu kwa mtu mwingine ni kero tu. Kwako wewe ni mlango. Wadudu wa mdomoni wakiingia kwenye damu, hakuna wa kuwazuia. Ukipata homa, hata ndogo, hata iwe Jumapili, mnakuja saa ile ile. Msimeze panadol mkasubiri." Akataka daktari wa meno amwone kabla ya dripu. Shangazi mtu akakataa. Sasa jino lilikuwa limechachamaa, na nesi alikuwa amempangia tena, Ijumaa.

Alhamisi shangazi akaja. Ilaisane, dada mkubwa wa marehemu Semisi, mwanamke mrefu aliyefunga mkeka mzito wa heshima kiunoni, alikaa kwenye mkeka wa juu ambao hakuna mwingine aliyeukalia.

"Wifi, nasikia mnataka kumng'oa mwanangu jino."

"Ni daktari, wifi. Anasema damu yake haina nguvu ya—"

"Huyo daktari anamjua kaka yangu?"

Kalolaine akatazama mikono yake.

"Jino halina kosa," Ilaisane akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyelia njiani. "Mkiling'oa, maumivu yatahamia la pili, na la tatu, mpaka abaki na ufizi kama kichanga. Semisi ananiita mimi, usiku na mchana. Jumamosi tunamfungua."

Kwa mtoto wa kaka, neno la shangazi linakaa juu ya neno la mama. Ndivyo Kalolaine alivyozaliwa akakuta. Ijumaa ikapita, na kwenye kiti cha daktari wa meno akakaa mgonjwa mwingine.

Jumamosi asubuhi wanaume waliondoa maua ya plastiki, wakakunja blanketi lililotundikwa kama pambo kichwani mwa kaburi, wakachimba mchanga mweupe. Pembeni palikuwa na mti mkubwa wa mvinje unaovuma hata pasipo na upepo. Hawakuchimba sana. Mzizi mwembamba kama uzi wa kushonea mikeka ulikuwa umeingia kwenye taya la Semisi, upande wa kushoto, ukatokea chini ya jino la mwisho.

Wanawake wakaangua kilio. Ilaisane aliukata mwenyewe kwa mkasi, akaubusu, akautupa. Kisha akampa Kalolaine lile taya alipake mafuta ya nazi yenye manukato ya sandali.

Kalolaine alipaka huku akiomba kimoyomoyo. Bwana, unisamehe kama hili ni giza, na kama si giza, mpe mwanangu nafuu. Kidole gumba chake kikazama.

Chini ya lile jino mfupa ulikuwa umeliwa. Palikuwa na shimo la kutosha punje ya hindi, kingo zake laini, kama mbao iliyoliwa na mchwa siku nyingi. Mzizi usingeweza kuchimba vile. Ulipita tu pale ulipokuta njia.

Ndipo juma lile la mwisho la Semisi lilipomrudia, lote. Shavu lililovimba, sukari iliyopanda. Kisha asubuhi moja maumivu yakaacha ghafla. Semisi akakaa, akaomba majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui, akamtania, "Nimepona, mke wangu, uchumba unaanza upya." Alikuwa akicheka na jasho likimtiririka. Hawakufika naye Jumapili ya pili. Watu wakasema ni sukari, na Kalolaine naye akasema ni sukari.

Akalifunga taya ndani ya nguo mpya ya gome la mti, akalirudisha mahali pake. Angemwambia nani alichokiona, na wote walikuwa wakilia kwa furaha?

Waliporudi nyumbani Lesieli alikuwa ameketi.

"Mama! Limeacha! Kuna kitu kimepasuka mdomoni, kichungu, kinanuka, nikatema. Limeacha kabisa!"

Nyumba nzima ikapiga makofi. Ilaisane alimkumbatia mtoto wa kaka yake akaanzisha wimbo wa kanisa, na aliimba vizuri, Mungu ni shahidi. Kalolaine peke yake hakuimba. Alikuwa akitazama paji la uso la binti yake likianza kung'aa.

Akachukua kipimajoto cha hospitali. Hakikuonyesha homa. Akapima tena jioni.

"Wifi, weka chini hicho kidude," Ilaisane akasema. "Unamtafutia mtoto ugonjwa?"

Jumapili kulipopambazuka Lesieli alikuwa akitetemeka chini ya mablanketi mpaka meno yanagongana. Kipimajoto kilipanda hadi thelathini na tisa. Kule nje kengele ya kwanza ilikuwa ikilia na moshi wa mashimo ya kuokea chakula ukipanda kila ua.

"Tumpeleke hospitali," Kalolaine akasema.

"Siku ya Bwana? Kwa sababu ya joto?" Ilaisane alikuwa amekwisha vaa nguo ya kanisani. "Hilo ni joto la baba yake linamtoka. Mwache alale. Tukitoka ibadani atakuwa anaomba chakula."

"Nesi alisema hata Jumapili."

"Nesi hakuwepo kaburini."

Lesieli akafumbua macho. Hakumtazama mama yake wala shangazi yake. Alitazama mlangoni.

"Baba amesimama pale," akasema polepole. "Mama, mbona bado ameshika shavu?"

Kalolaine aligeuka. Aliona mwanga wa asubuhi na pazia likicheza, basi. Lakini harufu ya sandali ilijaa chumbani, nzito kama siku ya kuzika, na mikono yake alikwisha iosha kwa sabuni mara tatu.

"Amekuja kuaga," Ilaisane akanong'ona, machozi yakimtoka. "Kaa hapo hapo, Kalolaine. Mwache kaka yangu aage."

Kalolaine akasimama. Wifi yake alikuwa ameketi, na katika ndoa yake yote hakuwahi kusimama mwanamke yule akiwa ameketi. Akamfunika Lesieli shuka, akamtia mkono chini ya kwapa.

"Fusi!" akaita dirishani. "Washa gari!"

"Leo Jumapili, mama Lesieli! Nguruwe yuko motoni!"

"Aungue! Washa!"

Gari likakohoa kule nje, likashika.

"Ukimtoa humu," Ilaisane akasema, sauti ikimkatika, "wewe si wifi yangu tena. Na siku ya kumzika mtoto huyu usiniite nikae kichwani pake kama shangazi."

Kalolaine hakumgeukia. Alisogea na binti yake hatua kwa hatua mpaka karibu na kizingiti, pale mwanga ulipokuwa, akasita.

"Semisi," akasema, "sogea tupite."

Akainamisha kichwa kama mtu anayepita mbele ya mwenzake, akambana Lesieli ubavuni, akatoka naye kuelekea garini.