Picha ya Mdomo wa Mama

Anneth alipofika mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya anthropolojia, alichagua kutafiti aibu ya meno. Alizaliwa na kukulia Maji ya Chai, ambako floraidi iliyomo kwenye maji imeyafanya meno ya watu wengi kuwa ya kahawia. Alitaka kuandika jinsi wanawake wa kule wanavyocheka huku wameziba midomo, na wanavyokimbia kamera harusini. Meno yake mwenyewe yalishafunikwa na daktari kabla hajaanza chuo.

Wanawake walimkwepa. Aliyekubali kwanza ni mama yake, Ndeshi, na wengine wakafuata. Waliketi wawili uani, mama akimenya ndizi, akasimulia mawifi kutoka Machame walivyomcheka waziwazi siku ya kuchumbiwa kwake. Hakuwahi kumwambia mtu habari hizo. Alipomaliza, Anneth akamwomba avute mdomo kwa vidole ili ampige picha.

"Ataiona nani?"

"Msimamizi wangu tu, mama."

Msimamizi wake, Dk. Ludovick, aliipenda mno. Akaagiza iwe ya kwanza siku ya kuwasilisha matokeo. "Bila hii, una maneno matupu," alisema. Anneth alikusudia kumpigia mama simu amweleze. Kila jioni aliahirisha, mpaka siku yenyewe ikafika.

Mama hakualikwa. Alisikia habari kwa Nice, mdogo wake Anneth, akavaa kitenge chake kipya na kwenda chuoni Themi kumsikiliza mwanawe. Aliingia ukumbini taratibu, akakaa nyuma. Anneth alimwona wakati projekta imeshawashwa.

Mdomo wa Ndeshi ulijaa ukuta mzima. Ufizi, vidole vyenye utomvu wa ndizi, meno yote. Chini yake pameandikwa: Mhojiwa wa Kwanza. Mtu mmoja akaguna, "Dah!" na safu ya mbele ikacheka. Anneth akaendelea kusoma.

Wakati wa maswali, mhadhiri mmoja akauliza, "Wewe una uhusiano gani na jamii hii?"

Jibu lilikuwa limekaa pale nyuma, mkono mdomoni.

"Mimi nimekulia Moshono, hapa mjini," Anneth akasema. "Kule nilifika kama mgeni."

Dk. Ludovick akatikisa kichwa kuafiki. Ukumbi ukapiga makofi.

Alimkuta mama nje, langoni.

"Shikamoo mama."

Ndeshi hakuitikia. Alikuwa anatafuta njia ya kurudi nyumbani.

"Mama, nisikilize. Msimamizi ndiye..."

"Picha nitaimeza," Ndeshi akasema. "Nimecheka nimeziba mdomo miaka yote, nitaendelea. Lakini huo ugeni, Anneth, umeupata lini?"

Kesho yake Anneth aliomba picha iondolewe kwenye tasnifu, Dk. Ludovick akamwambia asiharibu kazi nzuri, naye hakubishana zaidi. Alifaulu kwa alama za juu kuliko wenzake wote. Kwenye mahafali alikuja Nice peke yake.

Siku hizi akienda nyumbani, mama humkaribisha sebuleni. Humtandikia kitambaa mezani, humletea soda na glasi, humuuliza kama safari ilikuwa njema. Juzi Anneth aliinuka akaoshe vyombo.

"Kaa tu," mama akamwambia kwa upole. "Mgeni haoshi vyombo."