Ufunguo wa Thelathini

Kila siku kabla ya mechi Bi Lorene Tvedt alichonga penseli nne, akazipanga kwenye kizingiti cha dirisha la kibanda chake, ncha zote zikielekea uwanjani. Tatu zilikuwa za kuandikia. Ya nne ilikuwa ya kujikunia kichwa pale mambo yanapomshinda. Miaka kumi na tisa alikuwa mwandishi rasmi wa mechi za Panzi, timu ya besiboli ya mji wa Pellmore, Iowa, na hapakurushwa mpira hata mmoja pale asiuandike. Mechi mbili tu ndizo zilizompita: ya siku alipomzika mumewe, na ya siku ng'ombe wa jirani alipoangukia kisimani kwake.

Kutoka dirishani aliona uwanja wote, na nyuma ya uwanja shamba la mahindi, na kati ya hivyo viwili ule ukuta wa mbao uliotundikwa funguo za bati, kila mmoja mrefu kama mkono wa mtu mzima. Funguo hizo zilikuwa wazo la Bwana Gaylord Prather, mwenye timu na muuza matrekta. Mrushaji anayeingia mwishoni mwa mechi timu yake ikiwa mbele kwa pointi zisizozidi tatu, akaimalizia bila kuupoteza ushindi, huhesabiwa "uokozi", na kwa kila uokozi Bwana Prather alitundika ufunguo wenye jina la huyo mwokozi.

Funguo ishirini na tisa za kiangazi hicho cha mwaka 1987 zilikuwa za Brock Dansereau. Brock alikuwa na miaka ishirini na minne, shingo nene kama gogo, na kila alipotoka zizini, kama walivyopaita pale wanapongojea warushaji wa akiba, walimpigia king'ora cha zimamoto, watoto wakalia, watu wazima wakasimama. Aliingia raundi ya tisa tu, ile ya mwisho, tena timu ikiwa imeshatangulia kwa pointi mbili au tatu na hakuna adui hata mmoja kwenye vituo, ambavyo mpigaji akivizunguka vyote hupata pointi. Mara nyingi mipira yake ilipigwa. Aliruhusu pointi moja, akaruhusu ya pili, wadakaji wa nje wakakimbia huku na huko mpaka ndimi zinawatoka, mwisho mpira ukadakwa. Kanuni haiulizi. Uliingia mkiwa mbele kwa tatu, umetoka mkiwa mbele kwa moja? Umeokoa. Tundika ufunguo.

Bi Lorene aliandika hivyo kwenye karatasi ya ligi, kwa kuwa ndivyo kanuni inavyosema. Lakini alikuwa pia na daftari lake la kijani, na humo aliandika yaliyotokea.

Katika daftari hilo jina lililojaa ni la Wendell Kasparek, miaka thelathini na mitano, goti moja bovu, wenzake wakimwita Babu. Wendell aliitwa raundi ya saba au ya nane, pale moto unapowaka kweli, adui wamejaa vituo vyote vitatu na Panzi wako mbele kwa pointi moja tu. Anarusha mipira yake ya polepole inayopinda kama mkia wa nguruwe, anawatoa wote, anarudi kukaa benchini, anamenya mbegu za alizeti. Kisha king'ora kinalia, Brock anaingia kula kilichopikwa. Mara arobaini na moja mwaka huo Wendell aliuzima moto namna hiyo. Safu yake ya uokozi kwenye karatasi ya ligi ilikuwa sifuri.

Sifuri hiyo sasa ilikuwa inataka kumfukuzisha kazi. Alhamisi Bwana Prather alikuwa ametangaza kwenye redio ya mji kwamba mrushaji mpya anakuja kutoka Omaha, na mmoja kati ya warushaji watatu wa akiba lazima aondoke. "Mimi ni mtu wa haki," alisema redioni. "Jumatatu asubuhi nitautazama ukuta. Asiye na ufunguo, tunamshukuru na kumtakia heri." Cletus Rowe, wa tatu wao, alikuwa na mmoja, alioupata siku Brock alipoumwa jino. Wendell hakuwa nao. Na Wendell alikuwa ameahidiwa kazi ya kuwafundisha warushaji mwakani, ilimradi amalize msimu akiwa Panzi. Mkewe Marlys alifundisha shule ya mji. Walikuwa wamechoka kuhamahama.

Jumapili hiyo Wendell alipita dirishani na sahani iliyofunikwa kitambaa.

"Bi Lorene, Marlys amekuletea kolache. Maandazi yake ya plamu."

"Mshukuru sana. Wewe umekula?"

"Hakishuki kitu, mama."

Bi Lorene aliipokea sahani, akamrudishia kile kitambaa cha kuifunikia.

Panzi walikuwa wanacheza na Nyuki wa Dunmire. Baada ya raundi sita walikuwa mbele, sita kwa tatu. Mrushaji wao wa kuanza akaumia kidole, Wendell akaitwa mapema, mwanzo wa raundi ya saba. Wapigaji watatu, akawatoa watatu. Raundi ya nane, watatu tena. Bi Lorene aliandika, kisha akaichukua ile penseli ya nne akajikuna kichwa, kwa maana alikumbuka kifungu cha kanuni ambacho hakijatumika Pellmore tangu mafuriko.

Huko zizini Brock alikuwa ameshaanza kupasha mkono moto. Ufunguo wa thelathini ulikuwa tayari, umepakwa rangi ya dhahabu, jina lake limeandikwa. Rekodi ya ligi ilikuwa ishirini na tisa, na iliwekwa na mtu wa Dunmire. Keki yenye umbo la kufuli ilikuwa kivulini, imefunikwa wavu kwa ajili ya nzi.

Mwisho wa raundi ya nane, zamu ya Panzi kupiga, Otis Bramlett, mdakaji wao anayechuchumaa nyuma ya wapigaji wa adui, mtu mnene na mpole asiyepiga kitu tangu Juni, aliupiga mpira ukaruka ukuta, ukapita funguo zote, ukatua katikati ya mahindi. Saba kwa tatu!

Uwanja ulizomea.

Otis alizunguka vituo taratibu akidhani wanamzomea mwamuzi. Alipofika benchini hakupewa mkono na mtu.

"Umeona ulichofanya?" Brock alimfokea toka mbali. "Pointi nne! Sasa naokoa nini mimi?"

"Nilidhani tunataka kushinda," alisema Otis.

"Kushinda tulikuwa tunashinda tayari, we tembo!"

Bwana Prather alikuja mbio dirishani, tai imegeukia begani, nyuma yake Kocha Skeet Mulroy akitafuna tumbaku.

"Bi Lorene, wewe ndiye mwenye kanuni. Tuko mbele kwa nne. Brock akiingia anahesabiwa?"

Bi Lorene alikuwa na udhaifu mmoja tu maishani: akiulizwa kanuni, alijibu, na alijibu yote. "Kwa nne, hapana," alisema. "Isipokuwa adui wa kusawazisha awe karibu. Yaani kukiwa na adui wawili vituoni, mpigaji anakuwa wa tatu, na anayesubiri zamu ndiye wa nne. Hapo hatari imefika. Akiingia hapo anahesabiwa, hata akimtoa mtu mmoja tu."

"Wawili vituoni," alisema Prather polepole.

"Mtu anaweza kuwaweka," alisema Mulroy, akatema.

Walipoondoka ndipo Bi Lorene alipoelewa alichokisema. Akajishika mdomo. Aliitazama kolache ya pili, hakuweza kuimaliza.

Raundi ya tisa Wendell aliwatoa wapigaji wawili kwa mipira saba. Amebaki mmoja. Hapo Mulroy akatoka kwenda kwake, na kwa kuwa alikuwa kiziwi wa sikio moja, alinong'ona kwa sauti iliyofika mpaka kwa muuza soseji.

"Wape vituo wawili wanaofuata. Rusha nje, nje kabisa."

"Kocha, amebaki mmoja."

"Ndiyo maana. Brock atakuja kuokoa."

"Kuokoa kutoka kwa nani?"

"Kutoka kwako, Babu! Rusha nje."

Wendell alitazama ukuta, kisha mkewe aliyekaa safu ya tatu. Kazi ya mwakani ilikuwa ya Mulroy kumpa au kumnyima. Akarusha mipira minne nje, mpigaji akaenda kituo cha kwanza bure, akishangaa kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi.

Lakini Nyuki nao walikuwa na masikio. Rekodi ilikuwa yao. Mpigaji aliyefuata, Lyle Teague, alinong'onezwa na kocha wake, akaja mahali pa kupigia akitabasamu. Wendell akarusha nje, hatua nzima kutoka kwake. Lyle akapiga hewa kwa fimbo, hata hakuukaribia mpira.

"Kosa la kwanza!" mwamuzi akasema, kisha akakodoa macho, maana makosa matatu humtoa mpigaji, na huyu alikuwa anayatafuta.

"Wewe! Kituo kiko pale, nenda ukachukue!" Mulroy alipiga kelele.

"Sikitaki!" Lyle alijibu. "Kaeni nacho!"

Mpira wa pili ulipita karibu na ndoo ya maji. Lyle akaupungia fimbo kama anayefukuza nzi. Kosa la pili. Watu wa Pellmore walisimama wote, wakimshangilia adui asikose.

Wa tatu Wendell aliutupa mbali zaidi kuliko yote. Lyle akazungusha fimbo macho amefumba. Kosa la tatu, lakini Otis hakuufikia mpira. Ulipiga kibanda chini ya dirisha la Bi Lorene, ukabiringika. Na mdakaji asipoudaka mpira wa kosa la tatu, mpigaji bado ana haki ya kukimbilia kituo cha kwanza kabla hajaguswa na mpira.

"Kimbia!" benchi zima la Panzi lilimlilia Lyle. "Kimbia, mshenzi wewe, kimbia!"

Lyle alikaa chini, akaanza kufunga upya kamba za kiatu.

Otis aliuokota mpira. "Usimguse!" Mulroy alipaza sauti. "Otis! Mwache afike!" Bwana Prather naye: "Bramlett! Nakuamuru!" Huko zizini Brock alikuwa ameshavua koti.

Otis aliinua macho, akatazama pale mpira wake ulipotua kwenye mahindi. Mtu aliyekuwa karibu naye kuliko wote ni Bi Lorene, na hakuona hasira usoni mwake, aliona tu mtu aliyekumbuka jambo. Otis akatembea bila haraka, akamgusa Lyle begani na mpira.

"Pole, Lyle."

"Asante, kaka."

Mwamuzi akainua ngumi. Mechi imekwisha. Panzi wameshinda nyumbani, na hakuna aliyepiga makofi isipokuwa mama mmoja safu ya tatu.

Bwana Prather alifika dirishani amekuwa mwekundu. "Hakuna uokozi leo! Andika hakuna!"

"Upo mmoja," alisema Bi Lorene. Alikuwa ameshaiweka chini penseli na kuchukua kalamu ya wino. "Mrushaji akimaliza mechi waliyoshinda, akiwa amerusha raundi tatu kamili, amehesabiwa uokozi, hata mkiwa mbele kwa pointi ishirini. Wendell Kasparek, raundi tatu."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza habari za Brock."

"Lakini mama, hakuokoa chochote! Tulikuwa mbele kwa nne! Tena alikuwa anajaribu kuharibu!"

"Kweli tupu. Hakuokoa chochote." Akayapulizia maandishi yakauke. "Ufunguo unao, nadhani. Nimeuona, wa dhahabu."

Brock alilalamika kwamba ameibiwa. Bi Lorene akamwambia, "Nenda ukale keki, mjukuu wangu, ina jina lako." Hapakuwa na ufunguo mwingine, na redio ilikuwa pale na kipaza sauti. Basi Bwana Prather aliugeuza ule wa dhahabu, nyuma yake pakaandikwa WENDELL kwa rangi ya viatu, ukatundikwa.

Wendell alikuja kuchukua sahani. "Yule niliyempa kituo, umeandika kwamba niliagizwa?"

"Karatasi ya ligi haina mahali pa hilo." Alifungua daftari la kijani, akamgeuzia. Chini ya zile arobaini na moja alikuwa ameandika mstari mmoja: *Jumapili, Wendell. Hakuokoa mtu. Ufunguo.*

Wendell alicheka mpaka akashika dirisha, akajipangusa macho kwa kile kitambaa.

"Kesho njoo asubuhi," alisema Bi Lorene, akikusanya penseli zake.

"Kesho hakuna mechi, mama."

"Najua. Nataka tuwe wawili tukimtazama Bwana Prather mbele ya ukuta, akihesabu mpaka mmoja."