Mfalme Aliyelinda Vifukofuko

Katika dola ya Kabichi kila kiwavi alijua mahali pake. Mfalme na mawaziri walikaa moyoni, penye majani meupe matamu. Raia walitafuna ya nje, magumu, yaliyotobokatoboka, na wakatakiwa kushukuru.

Mgane hakushukuru. Mkewe alikuwa amechomwa na Nyigu, mgeni wa kiuno chembamba aliyepokewa kwa vigelegele. Tangu hapo mama wa watu akawa anakula hashibi. Mawaziri wakasema huo ndio ustawi. Kisha ngozi ikapasuka, wakatoka funza wa Nyigu, wakajifumia vifukofuko ubavuni mwake. Mawaziri walikuja matangani, wakala, wakaondoka.

Sasa mbiu ikapigwa: vijana wote wajitokeze kwa mgeni wachomwe. Mgane alikuwa amebakiwa na binti mmoja. Akapanda barazani.

"Mtukufu, huyu mgeni asimguse mwanangu."

"Mzee, acha uchungu," akasema Waziri. "Mgeni anawekeza."

"Anawekeza matumboni mwetu!"

"Si ndani ya nchi hapo?"

Baraza likacheka. Nyigu hakuona haya. "Mimi sifichi. Mwembamba namtagia watoto wa kiume. Mnene, mwenye chakula tele, namtagia mabinti, ndio watakaotaga tena. Nao wote watakula humo humo."

Makofi. Walichosikia ni neno "mnene" tu.

Mgane akawatazama. "Basi kama ni heshima, ianzie juu. Au siku hizi watoto wa majani magumu wanamtangulia Mfalme?"

Mfalme akavimba. "Nani ananishinda unene hapa?" Akageuza mgongo. Nyigu akampapasa kwa vipapasio, akaridhika, akamchoma. Zamu ya vijana ikaahirishwa hadi Mfalme atakapopata faida yake.

Mfalme akala moyo wote wa Kabichi. Mawaziri wakamsifu kwa hamu ya kula. Siku ngozi ilipotoboka, funza wakatoka kundi zima, wakajifunga vifukofuko chini ya tumbo lake. Naye hakufa. Aliacha kula, akasimama juu yao.

Mgane akapanda mbio na binti yake. "Mtukufu, sogea tuvitafune kabla havijafunguka!"

Mfalme, ambaye hakuwahi kumtetea raia hata mmoja, akatupa kichwa huku na huku kama mwenye kichaa, akampiga Mgane, akamrusha hadi jani la nje.

"Mnaona?" Waziri akashangilia. "Bado ana nguvu! Analitetea taifa!"

"Anawatetea waliomla, baba," binti akasema, akimwinua.

"Sasa umeielewa serikali, mwanangu. Twende."

Wakateremka kwenye shina, kuelekea udongoni, ambako hakuna aliyewahi kutawala. Huko juu vifukofuko vikafunguka. Mabinti wa Nyigu wakamkanyaga Mfalme kichwani bila hata ahsante, naye akaanguka, ngozi tupu.

Wakageukia baraza. Mawaziri walikuwa tayari wamepanga foleni, migongo wazi, wakisukumana na kutukanana, kila mmoja akiapa kuwa yeye ndiye mnene zaidi.