Bahasha Zilizocheka

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Kibogoyo aliingizwa katika chumba cha mikutano cha kituo cha televisheni, akaambiwa asimame kati ya kiyoyozi na kabati la chuma. Mbele yake walikaa wanakamati watano waliokuwa wakitafuta mshereheshaji wa hafla ya tuzo. Wanne kati yao hawakuwahi kumchekesha hata mtoto mchanga. Wa tano, mwenyekiti, alikuwa akichokonoa meno.

Kibogoyo, mchekeshaji kwa miaka kumi na tisa, aliitaka kazi hii kwa sababu moja tu. Mkewe alikuwa akiwania tuzo ya mwigizaji bora wa kike, naye alitaka kumkabidhi kwa mkono wake mwenyewe.

"Haya, tuchekeshe," mwenyekiti akasema bila kuinua macho.

Akawaigiza wakubwa wanaosinzia hotuba ikianza, kisha wanashtuka na kupiga makofi mahali pasipo pake. Wanakamati wakanuna kama waliolishwa shubiri. Kilichocheka ni kabati. Lilianza kwa kwikwi, likaendelea mpaka droo ya juu ikafunguka, na ndani zikaonekana bahasha za washindi zikicheka mpaka gundi inaachia.

Watazamaji walikuwa bado na mwezi mzima wa kupiga kura. Kamati ilizoea kuzifunga bahasha mapema, kazi isije ikarundikana mwishoni. Bahasha ya mwigizaji bora wa kike ilicheka kupita zote, ikajisahau, ikamtaja mkamwana wa mkurugenzi wa kituo, ambaye katika tamthilia nzima alifungua mlango mara mbili na kuufunga mara moja.

"Bahasha za mwaka huu nyepesi mno," mwenyekiti akalalamika. "Nilisema tununue zile nene."

"Bahasha hazina kosa, bosi," katibu akasema. "Tatizo ni huyu. Anachekesha."

Wakanong'onezana.

"Bwana, sura unayo, sauti unayo," mwenyekiti akamwambia. "Hebu jaribu kitu kisichochekesha."

Kibogoyo angeweza kuuliza habari za ile bahasha. Mdomo alikuwa nao. Badala yake akachukua orodha ya wadhamini na kuisoma kama mtu anayesoma bei za misumari. Kabati likanyamaza kabisa. Wanakamati wakaangua kicheko, wakapigana migongo, mwenyekiti akafuta machozi kwa tai.

"Hapo sasa!" akasema, akamsogezea mkataba. Kibogoyo akatia saini.

Nyumbani alimkuta mkewe amesimama juu ya kigoda, fundi cherehani akimbania pindo la gauni kwa pini.

"Nimepata," akasema.

"Hongera, baba watoto! Na mimi je, huko wanasemaje?"

Kibogoyo akavua kiatu kimoja, halafu cha pili.

"Kura bado zinapigwa, mama watoto."

Mkewe akashuka na pini zake, akachukua simu, akaanza kuwapigia dada zake mmoja mmoja, akiwasihi wapige kura tena.