Ngazi ya Sajini Oola

Kiwanja kidogo cha ndege cha Bulamaga, pembezoni mwa Kampala, kina njia moja ya kurukia na wenyewe wawili. Upande mmoja ni wa jeshi, upande wa pili ni wa raia, na katikati umepigwa mstari mweupe ambao hauvukwi bila kuulizwa. Jeshi lina mabanda ya ndege na gari la zimamoto. Raia wana chumba cha abiria chenye viti ishirini na feni moja. Ngazi ya magurudumu ya kushushia abiria ni moja tu. Ni mali ya jeshi, na mtunzaji wake ni Sajini Oola.

Oola aliitunza ngazi ile kama ng'ombe wa maziwa. Asubuhi aliifuta umande, mchana aliisogeza kivulini, jioni aliipaka grisi. Ndege nyingi za raia zilikuwa ndogo, zilikuja na vipandio vyake zenyewe, kwa hiyo ngazi ilihitajika Jumanne tu, ilipotua ndege kubwa kidogo kutoka Gulu. Lakini kila Jumanne Oola alidai barua yenye tarehe, saa, idadi ya abiria, saini na muhuri. Pasipo muhuri, ngazi haitoki.

"Sajini, ni hatua mia tu kutoka hapa," Adyero alizoea kumlalamikia. Huyu Adyero ndiye msimamizi wa abiria upande wa raia, mama wa makamo mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Mali ya serikali haipimwi kwa hatua," Oola alizoea kumjibu.

Wanajeshi huacha simu zao getini. Ndiyo maana Jumanne moja, saa nne asubuhi, Oola hakuwa na habari kwamba mkewe Atoo amempigia mara tisa. Ndege ya Gulu ilitua, ikazima injini, na Adyero akaja mbio na karatasi mkononi.

Oola aliisoma juu hadi chini, akaigeuza nyuma.

"Muhuri uko wapi?"

"Umepasuka. Bosi amekwenda Wandegeya kuchongesha mwingine. Atarudi saa sita."

"Basi na ngazi itatoka saa sita."

"Sajini! Mle ndani kuna watu thelathini na wawili. Wanaiva kama matoke kwenye majani!"

"Wafungue mlango, upepo uingie."

Mlango ulifunguliwa kweli. Akachungulia bwana mmoja mwenye tai, akatazama chini, akarudi ndani. Mtoto akalia. Kisha akajitokeza bibi mwenye kitambaa cha kijani kichwani na mkongojo mkononi, akapaza sauti kwa Kiacholi:

"Ni nani huyo anayeatamia ngazi kama kuku? Tumefika Kampala, au tumefika nusu yake?"

Kabla Adyero hajageuka, sajini mzima alikuwa amekwisha kujibanza nyuma ya gari la zimamoto.

Sauti ile aliijua. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiisikia ikipita ukutani. Ilikuwa ya Mama Akidi, mama mzazi wa mkewe. Kwao Oola, mume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawashikani mikono, wala hawali pamoja. Si uadui, ni heshima, na heshima ikizidi watu huzidi kukimbiana. Oola na Mama Akidi walikuwa wameheshimiana miaka yote hiyo bila kukutana ana kwa ana hata mara moja. Bibi alitarajiwa Jumamosi, kwa basi, kuja hospitali ya Mulago kuondolewa mtoto wa jicho, na Oola alikuwa amekwisha kuomba zamu za wiki nzima ili asionekane nyumbani. Kumbe nyonga zake zilikuwa zimelikataa basi, na wanawe wakamkatia tikiti ya ndege.

Adyero alimfuata nyuma ya gari. "Sajini, umeumwa na nyuki?"

"Yule ni mama mkwe wangu."

Adyero alikuwa Mwacholi pia, hakuhitaji maelezo. Alicheka hadi akashikilia tairi.

"Chukueni ngazi," Oola alinong'ona. "Bila muhuri. Chukueni tu!"

Lakini ngazi nayo ilikuwa na ila yake. Breki zilikuwa zimekufa tangu masika, na haikutulia mpaka mtu mzito asimame juu ya chuma cha chini, karibu kabisa na kidato cha mwisho. Koplo Wahabi, msaidizi wa Oola, aliisukuma hadi mlangoni, akapanda juu ya chuma. Wahabi alikuwa mwembamba kama ufito. Ngazi ikateleza naye taratibu, yeye akiwa amesimama wima kama anapigiwa wimbo wa taifa.

"Nitasimama mimi," Adyero alisema. "Uzito ninao, namshukuru Mungu."

"Raia haruhusiwi kusimama juu ya mali ya jeshi," Oola alitamka, kwa mazoea tu. Alipoyasikia maneno yake mwenyewe alitamani kuyameza.

"Vizuri sana," alisema Adyero. "Basi simama wewe."

Ikabidi. Adyero alimletea mwavuli mkubwa wa manjano, ule wa kusindikizia abiria siku za mvua. Oola akapanda juu ya chuma, akaufungua, akaulaza ubavu mbele ya uso wake. Jua lilikuwa kali na mbingu haina wingu. Abiria walishuka mmoja mmoja. Bwana mwenye tai aliusalimu mwavuli. Mtoto alitaka kuchungulia nyuma yake, akavutwa sikio.

Mama Akidi alishuka wa mwisho, akipapasa kila kidato kwa mguu. Alipofika cha tatu kutoka chini, mkongojo ulimponyoka. Akayumba. Mkono wake ukatafuta pa kushika, ukaukuta mwavuli, ukaushusha chini, kisha ukatua juu ya bega la Oola na kuling'ang'ania.

Oola alifumba macho. Kukimbia hawezi, akishuka tu kwenye chuma, ngazi itaondoka na bibi wa watu. Alisimama kama nguzo, jasho likimtiririka hadi ndani ya buti.

"Ahsante, askari," alisema bibi. "Bega lako ni imara. Unatoka wapi?"

Oola akazidi kubana midomo.

"Mbona husemi? Siku hizi jeshi linaandika mabubu?"

"Jino, mama," Adyero alidakia. "Linamuuma tangu jana."

"Maskini!" Bibi hakuliachia bega. "Nina mkwe, naye ni askari hapa hapa Kampala. Binti yangu alipolazwa kwa mimba ya pili, huyo mkwe ndiye aliyefua, akapika, akachota maji na watu wakimcheka. Yote niliyasikia. Lakini mila hainipi nafasi ya kumshukuru. Basi wewe mwenye jino, mpokelee shukrani zangu."

Akalipigapiga bega mara mbili, akapokea mkongojo wake kwa Wahabi, akaenda zake. Oola alibaki juu ya chuma macho yamefumbwa, hata baada ya abiria wote kuondoka. Adyero alipomkaribia aliona kope zake zimelowa, akauchukua mwavuli na kuukunja taratibu.

Jioni Oola alimsimulia mkewe kila kitu. Atoo alicheka, akamtaka aanze upya, akacheka tena.

Upasuaji ulikwenda salama. Siku ya kufunguliwa bandeji, Atoo alirudi kutoka Mulago akiwa na neno.

"Mama anauliza kama yule askari amepona jino."

Oola alikaa kitako. "Alijua?"

"Anasema lenye ukungu lilikuwa jicho moja, si yote mawili. Na anasema hajapata kuona mtu mwingine Uganda hii anayejikinga jua kwa mwavuli uliolala ubavu."

"Mungu wangu! Kwa hiyo aliniona."

"Hapana. Ameapa kwamba hakukuona. Wewe ni nani hata umbishie mama mkwe wako?"

Wiki mbili baadaye Mama Akidi alirudi Gulu kwa ndege. Safari hii aliyesimama juu ya chuma ni Wahabi, amekumbatia mfuko wa saruji. Oola alikuwa mbali, nyuma ya gari la zimamoto. Bibi alipanda bila kupapasa. Alipofika juu aligeuka, akautazama upande wote wa jeshi, mabanda na mitaro, akapunga mkono taratibu kama anayeaga kijiji kizima.

Oola akainua mkono wake. Mara akamwona Adyero anamtazama kutoka ng'ambo ya mstari, akautumia kujikuna kisogo.