Sketi Isiyo na Pindo

Fundi alikuwa na dharau ya kugawia mtaa mzima na ikabaki. Mafundi wenzake aliwaita washona magunia. Mshono wa mtu mwingine ukipita mbele ya kibanda chake aliusindikiza kwa macho mpaka konani, kisha akasonya. Basi siku binti yake, ambaye tangu utotoni alimwita Kifungo kwa udogo wake, alipoegemeza simu kwenye cherehani na kuwasha katuni ya Kijapani, hakuna aliyetarajia sifa.

"Likizo nzima utakodolea vibonzo?"

"Si vibonzo, Baba. Ni anime."

"Anime ndiyo mdudu gani?"

Ilikuwa hadithi ya msichana wa shule anayepigana na mizimu inayokaa kwenye mabomba ya maji. Fundi aliinama atazame dakika moja tu, apate cha kukosoa. Akakipata.

"Hebu ona sketi hiyo! Haina pindo hata la kidole. Sketi isiyo na pindo ni ya mtoto asiyekua. Mimi mtoto wa watu namwachia vidole vinne. Akirefuka, mama yake anateremsha, maisha yanaendelea. Kwani hawa hawana watoto nyumbani?"

Kesho yake alitazama tena, kwa ajili ya kukosoa tu, kama alivyodai. Wiki ya pili alikuwa ameshahesabu marinda ya sketi ile: kumi na manane. Wiki ya tatu Kifungo akichelewa kurudi kutoka dukani, mtu mzima na ndevu zake alipaza sauti, "Njoo upesi, mzimu umeshafungua bomba!" Walikaa benchi moja, bega kwa bega, binti akimsomea tafsiri zinazopita chini kwenye kioo, na macho ya wote wawili yakiwa kwenye simu. Mkewe, muuguzi, alipita na kikapu chake akawatazama.

"Na hiki nacho ni kichwa cha nyumba," alisema, akaingia ndani.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, watoto walijaa kibandani. Fundi aliwapima mmoja mmoja kwa tepu, akaandika kwenye daftari, akaacha vidole vyake vinne. Zamu ya Kifungo ilifika Jumapili mchana, ya mwisho kabisa, maana kinyozi hajinyoi. Alikuwa anaanza sekondari, kwenye shule ambayo asiye na sare siku ya kwanza hurudishwa getini, na nafasi yake hupewa anayesubiri. Kitambaa chenyewe kilitolewa na shule, kipande kimoja kwa kila mtoto.

"Umempima?" mkewe aliuliza.

"Nimpime ya nini? Si nimekaa naye likizo nzima? Mimi macho yangu ni tepu."

Akakata. Alipofika chini, mkono ukamkumbuka yule msichana wa kwenye simu, jinsi sketi yake ilivyoanguka nyepesi, bila uzito wa pindo. Bingwa wa kukosoa akakata vidole vyote vinne, na kile kipande akafutia mafuta ya cherehani.

Kifungo alitoka chumbani akiivuta sketi kwa mikono miwili. Kiunoni ilimkaa vizuri sana. Chini iliishia mahali ambapo hakuna mwalimu duniani angepakubali.

"Simama wima," alisema Fundi.

"Nimesimama, Baba."

Kifungo alikuwa anamfikia baba yake sikioni. Mara ya mwisho Fundi kumwangalia vizuri, alikuwa anaishia kwenye mfuko wa shati. Alirefukia wapi, na lini? Alirefukia palepale benchini, kando ya kiwiko chake, huku baba mtu akihesabu marinda ya mtoto wa kuchorwa. Fundi aliona aibu.

"Sketi isiyo na pindo ni ya mtoto asiyekua," alisema Kifungo. Hakumkejeli. Aliyatamka maneno hayo kwa sauti ileile aliyokuwa akisomea tafsiri, ila macho yalikuwa yamejaa machozi.

Mama yake alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha, akaenda kuleta sabuni. Kipande kile kilifuliwa mara tatu, doa likagoma. Fundi alipiga magoti, akampima bintiye kwa tepu kuanzia kiunoni hadi gotini, na sehemu nyingine akapima mara mbili. Kisha yeye, aliyewacheka mafundi wote wanaounga vitambaa, akaunga.

Jumatatu getini, mwalimu wa zamu aliyatazama yale maungio, akalitazama doa.

"Nani kakushonea kiraka hiki?"

Kifungo aligeuka, akawaonyesha wasichana waliopanga foleni nyuma yake, kila mmoja na sketi iliyonyooka na pindo lake la vidole vinne.

"Aliyewashonea hawa wote."

"Acha uongo," alisema mwalimu, akimfungulia apite. "Yule namjua. Yule hupima watoto."

Fundi alikuwa nyuma ya nguzo ya geti, tepu ingali shingoni. Alisikia kila neno, na kwa mara ya kwanza akakosa wa kumsonya.